Kidonge cha Adhuhuri

Kaka yangu alianza dawa ya kuacha unga wa kulevya mwezi wa Shaabani, na shida yetu ilianzia hapo hapo, kwa sababu baada ya Shaabani huingia Ramadhani. Vidonge vilikuwa vya mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na usiku, na kila kidonge kilitaka kitanguliwe na chakula. Cha asubuhi tuliweza kukisogeza kikawa cha daku. Cha usiku hakikuwa na neno. Kile cha adhuhuri ndicho kilichotutoa jasho.

Na mama alikuwa ameshakata kauli. Siku ile ile aliyompeleka zahanati alimwambia kaka mbele yangu na mbele ya bibi, "Nimekwisha kukufungia chumbani ukalia. Nimekwisha kukupeleka kwa waganga. Nimekupeleka Likoni shambani kwa mjomba wako, ukarudi na hali mbaya zaidi. Hii ndiyo ya mwisho. Ukiiacha dawa hii, nyumba hii usiijue."

Mama si mtu wa vitisho. Akikwambia atakuchapa akimaliza kuosha vyombo, ataviosha kwanza, taratibu, mpaka sufuria zing'are, kisha atakuja. Kwa hivyo sote tulijua: kidonge cha adhuhuri kikishindikana, kaka hana pa kulala.

Tulikaa Mjambere, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sekondari haikupatikana, na kutwa nilikuwa na mama jikoni kukaanga viazi na kaimati za kuuza. Kichwani mwangu lakini nilikuwa na saluni. Ilikuwa na kioo kirefu ukutani na viti vya kuzunguka, na nilikuwa nimeshawapanga hata wateja, nani akae wapi. Mama akinikuta nimesimama na mwiko huku natabasamu peke yangu, husema, "Haya, yule ameshafungua duka lake. Viazi vinaungua."

Kaka alikuwa fundi wa redio, na fundi hasa. Watu walitoka Mtopanga na redio zao chini ya kwapa kumtafuta yeye. Halafu ukaja ule unga wa rangi ya kahawia, na maskani ya kuuvutia ikawa nyuma ya nyumba bovu isiyokuwa mbali na kwetu. Mwanzo zilipotea bisibisi zake mwenyewe. Baadaye zikaanza kupotea redio za watu. Sitaki kulieleza sana hilo. Wenye redio walikuja mlangoni wakasema waliyoyasema, na mama aliwasikiliza wote kwa kusimama.

Zahanati iliyompokea ilikuwa ndogo, ya vyumba viwili, na benchi refu nje chini ya mabati. Wagonjwa wa malaria walikaa upande mmoja wa benchi na wa unga upande wa pili, bila ya mtu kuwapanga. Kulikuwa na dada mmoja aliyejifunika buibui hata macho huyaoni, kila wiki akiomba aingie kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na kijana mmoja wa bara aliyewahi kupakua mizigo bandarini Kipevu, mtu mrefu, mcheshi, aliyefukuzwa kazi na bado akivaa buti za kazini. Hakuwa na ndugu huku pwani. Dawa zake alikuja kuzipokea mwenye nyumba aliyempangisha chumba, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hapewi vidonge mkononi. Hupewa mtu wake. Mtu wa kaka nilikuwa mimi. Nilivifunga kwenye pembe ya leso, na usiku nikalala navyo chini ya mto.

Wiki ya mwisho ya Shaabani nilimuuliza muuguzi aliyetugawia, mama mmoja mnene tuliyekuwa tukimwita Sista.

"Sista, mwezi ndio huo waingia. Hiki cha adhuhuri hakiwezi kungoja magharibi?"

"Kwa huyu bado," akasema. "Mwili wake ndio kwanza umeanza kutulia. Ukimweka kutwa nzima bila dawa, arosto itamshika kabla ya alasiri. Na akishikwa na arosto haji kwangu. Atakwenda anakokujua."

Arosto ndiyo ile hali inayompata mvutaji akikosa. Kamasi na machozi humtoka, miayo haikatiki, mifupa huuma, na ngozi humsimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, hata katikati ya joto la kaskazi. Nilikuwa nimemwona nayo kaka. Sikutaka kuiona tena.

"Kwa hivyo mie nile mchana," kaka akasema.

"Wewe mgonjwa. Dini yenu haiwaruhusu wagonjwa?"

"Yawaruhusu wagonjwa, Sista. Lakini kwetu mtaani mie si mgonjwa. Mie ni mwizi."

Benchi zima likacheka, upande wa malaria na upande wa unga, na kaka naye akacheka. Sista hakucheka. Alisema dozi itapunguzwa baada ya mwezi huo, si kabla, akaita mwingine.

Mama aliposikia aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Atakula. Lakini hakuna mtu wa nje atakayejua."

Basi ukawa utaratibu. Ikiadhiniwa adhuhuri, mama hufunga mlango wa uani kwa komeo, na kaka huingia jiko la nje. Hapikiwi kitu, maana harufu ya kitunguu mchana wa Ramadhani inatangaza kuliko mnadi. Alikula kiporo cha futari, mhogo wa nazi uliolala, kipande cha samaki, au mbaazi na mkate, baridi vivyo hivyo. Kijiko kisigonge bakuli. Kukohoa ni marufuku.

Mwenyeji wa jiko hilo alikuwa bibi. Bibi alikuwa mzee sana, kufunga kulishamshinda, na kila mchana alikula hapo kwa siri yake, kama wanavyokula wanawake wa nyumba zetu wakiwa katika siku zao. Mimi pia zilipofika siku zangu niliingia humo. Hapo ndipo kaka alipoona haya. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, akitazama dari.

"Ndoo, mume wangu," bibi akamwambia. Bibi zetu ndivyo wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na sisi wa kike hutuita wake wenza. "Ingia, keti. Humu twakaa wenye udhuru tu."

"Bibi, mie mwanamume."

"Wala sikukuuliza. Na usimtazame mke mwenzangu huyo, tazama samaki wako, ana miba."

Nilicheka mpaka nikapaliwa, na mama akagonga ukuta kwa nje. "Nyinyi! Watu wapita!"

Siku nilizokuwa nimefunga pia niliketi nao, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumwona akimeza. Nilimpa kidonge, nikampa kikombe, akameza, akafungua mdomo kunionyesha kama mtoto kwa daktari wa meno. Tukazoea. Kaka alianza kuniahidi vitu. Saluni yangu ikifunguliwa yeye atanitilia redio yenye spika mbili, moja ndani na moja nje, wapita njia wasikie. "Na taarabu ipigwe kutwa," nikasema. "Na taarabu kutwa," akakubali. Bibi akauliza kama huko saluni wazee wasiokuwa na nywele wanalipa nusu. Kwa kweli baadhi ya siku niliona tunafurahi zaidi sisi wa jikoni kuliko waliofunga.

Kilichotuharibia ni mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu wa mbele, alitumwa kuja kuiazima. Badala ya kubisha mlangoni alipenya kwenye tundu la ua wa makuti, kama wanavyopenya watoto, akatokea jikoni. Alimkuta kaka shavu limejaa mhogo. Mtoto akatazama, kaka akatazama. Bibi akasema, "Mbuzi hiyo hapo, chukua uende," lakini mtoto alisahau hata mbuzi.

Huku kwetu anayekula mchana wa Ramadhani watoto humwita kobe. Kabla ya alasiri nilishasikia nje wakiimba, "Kobe! Kobe! Toa kichwa tukuone!"

Fundi cherehani alikuwa mtu wa maneno. Cherehani yake ilikaa barazani, ikitazamana na mlango wetu, na mwezi ule alikuwa na kanzu za Idd zimemlundikia mpaka begani. Kila magharibi wanaume wa safu yetu walikusanyika barazani kwake, kila nyumba ikatoa sinia lake, wakafuturu pamoja. Sinia letu alilipeleka kaka, kwa niaba ya marehemu baba. Siku ile nilitaka kulipeleka mwenyewe, akasema, "Lete. Sijaua mtu."

Njia yetu ni nyembamba, kila neno nililisikia nikiwa dirishani.

"Salaam aleikum," kaka akasema.

"Waaleikum salaam," wakamjibu. Akaketi. Adhana ikaita, akanyoosha mkono kwenye tende.

"Lo," fundi akasema, "wewe nawe wafuturu? Si ulishafuturu adhuhuri?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya wote. Kulikuwa na wengine waliocheka kwa njaa tu na uchovu. Mmoja akasema, "Mwache, fundi, mtoto wa watu."

"Nimemkataza? Ale. Lakini sisi tumefunga kwa Mungu, yeye amefungua kwa unga. Halafu ati ni dawa. Ugonjwa gani huo wa kujitakia?"

Kaka akairudisha tende kwenye sinia. "Mie nimeleta sinia tu, ami," akasema, akarudi nyumbani. Usiku ule hakula mpaka mama alipomlazimisha.

Kesho yake akaniomba ale chumba cha stoo, si jikoni. Sababu aliyoitoa ni kwamba watoto wanachungulia ua, na ilikuwa kweli, walikuwa wakichungulia. Nikampa sahani, kidonge juu ya kisosi, na maji. Sahani ikarudi tupu. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Nilimwona ana mafua kidogo, nikasema ni vumbi la stoo. Mama alikuwa na tenda ya kaimati za watu wengi, na mimi mikono yangu ilikuwa ndani ya unga wa ngano tangu asubuhi.

Kuku ndio walionionyesha. Bibi alikuwa na kuku wake wachache, na adhuhuri moja niliona wote wamekusanyika chini ya dirisha la stoo, shingo juu, kama watu wanaongoja kufunguliwa duka. Nikasimama nyuma ya tangi la maji. Dirisha likafunguka, mkono wa kaka ukatoka na sahani, wali ukamwagwa. Kuku wakauvamia. Nikakimbia, nikawatawanya, na katikati ya wali nikakiona kidonge cheupe, jogoo akikigonga-gonga na kukiacha.

Niliingia stoo nacho mkononi.

"Kaka, kuku wa bibi wanaacha unga?"

Alikuwa amekaa juu ya gunia. Alitaka kucheka ukamjia mwayo, mrefu, mpaka machozi yakatoka. Mikono yake ilikuwa na vipele vile vya kuku aliyenyonyolewa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu juzi. Usipige kelele."

"Mama akijua?"

"Hatajua ukinyamaza." Akapangusa pua kwa kikoi. "Nisikilize, dada. Mie nataka nifunge kama watu. Nikiufunga mwezi huu barabara, huu uchafu utanitoka wenyewe, wallahi utatoka. Mungu atashindwa? Kisha siku ya Idd niende kuswali na hakuna wa kuniambia neno."

Alikuwa akiamini anachosema. Hilo ndilo lililoniuma. Hakuwa akinidanganya ili akavute. Alikuwa ameacha dawa ili awe mtu mwema. Na Sista alishatuambia mwisho wake ni wapi.

"Kimeze sasa," nikasema. "Nitakuletea chakula kingine."

"Niache nimalizie leo tu."

Nikaenda kumtafuta bibi, maana mama nisingeweza kumwambia. Kumwambia mama ilikuwa ni kumtoa kaka nje na godoro lake. Bibi alikuwa amelala, na kumwamsha bibi ni kazi, lazima aulize kwanza ni nani amekufa. Tuliporudi stoo, kaka hayuko. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Ilikuwa karibu na alasiri. Nilimwambia mama naenda kununua binzari. Nikatia vidonge kwenye pembe ya leso, chupa ya maji chini ya buibui, nikatoka. Mimi ni mtu wa kuota, nikawa njiani najipa picha nzuri nzuri: nitamkuta msikitini amelala, nitamkuta kwa kinyozi. Kwa kinyozi hayuko. Msikitini nikamtuma mtoto aingie kumtazama, hayuko. Baada ya mashine ya kusagia mahindi njia hugawanyika. Mkono mmoja ni maskani, mkono mwingine ni zahanati. Nilisimama hapo. Sikuwahi kwenda maskani na sikujua ningefanya nini nikifika. Nikasema nianze na zahanati, kisha Mungu mkubwa.

Zahanati ilikuwa imefungwa. Mwezi wa Ramadhani hufungwa mapema. Lakini benchi lilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kaka, amejikunja, ameshika tumbo. Mwingine ni yule kijana wa Kipevu, buti zake amezivua ameziweka pembeni, anakula mkate na soda, jua kali, mbele ya barabara nzima.

"Huyu ni dada yako?" akamuuliza kaka. "Dada, karibu. Huyu ndugu yako nimemkuta pale kwa posho mill amesimama kama hiyo mashine stima ikipotea. Haendi huku, haendi kule. Nikamwambia twende tukae kwa benchi yetu."

Kaka hakuinua kichwa. "Miguu ilikuwa ikienda," akaniambia. "Ilikuwa ikienda yenyewe."

Nikafungua leso. "Basi meza."

"Sijala kitu."

Yule kijana akamega mkate, akamtilia mkononi. "Kula, bro. Mimi hapa nakula kila siku na hakuna mtu ananiuliza. Wanajua mimi ni wa bara, si dini yangu. Wewe ni dini yako na umekubaliwa kula kwa sababu ni mgonjwa, na ndiyo unajificha? Mimi sielewi nyinyi watu wa pwani."

"Huwezi kuelewa," kaka akasema.

"Sawa, sielewi. Lakini hii nimeelewa: wakati nilikuwa navuta, nilikuwa najificha. Choo, nyuma ya kontena, kila mahali. Sasa dawa nameza hapa barabarani. Nikianza kujificha tena, mimi mwenyewe nitajiogopa."

Kaka akaugeuza ule mkate mkononi. Watu walikuwa wakipita, mama mmoja na ndoo kichwani akageuka kututazama. Kaka akala. Akameza kidonge, akafungua mdomo kunionyesha, nami nikaona aibu nikatazama kando. Tulikaa hapo mpaka mwili wake ulipoanza kutulia. Yule kijana alitusimulia habari za winchi za Kipevu, namna opareta mmoja alivyolala huko juu na mzigo ukabaki unaning'inia. Sijui kama ilikuwa kweli. Tulicheka.

Kurudi nyumbani hatukuzungumza mengi. Binzari nilisahau. Mama akanitazama, akamtazama kaka, hakuuliza kitu, na hilo lilinitisha zaidi.

Kesho yake adhuhuri nilikuwa jikoni na bibi, sahani iko tayari. Kaka akaja akaichukua. Lakini hakuketi. Akapita nayo ukumbini, akielekea mlango wa mbele. Mama alikuwa hapo akikunja leso.

"Wenda wapi na sahani?"

"Barazani."

"Barazani gani?"

"Barazani kwetu, mama. Nakwenda kula."

Mama akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku. Sijapata kumwona mama amesimama vile. "Umerukwa na akili? Mchana wa Ramadhani? Baba yako kaburini atasikia haya!"

"Mama," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini tu, "nimeiacha dawa siku tatu. Hukujua. Nilikuwa nikiwapa kuku."

Nikafumba macho. Nikasema sasa godoro linatoka.

"Jana nilifika mpaka mashineni," akaendelea. "Nilikuwa nakwenda kuvuta. Nikijificha kula, kesho nitajificha kuvuta, ni kule kule. Nikila hapa nje kila mtu atajua niko kwenye dawa, na siku nisipoonekana hapa watajua nimeiacha. Hata wewe utajua. Nitoe leo ukitaka, ulishasema. Lakini kama wanipa nafasi, nipe nikale nje."

Nilisikia cherehani ya fundi ikienda, ikisimama, ikienda. Kisha mama akashusha mkono mmoja, akashusha wa pili, akajitanda leso yake vizuri kichwani kama anayekwenda mazishini.

"Lete maji," akaniambia.

Akatoka yeye kwanza. Akatandika mkeka barazani, akaketi, midomo imemkauka kwa saumu, akamshikia kikombe mwanawe. Kaka akaketi, akasema bismillahi, akala.

Cherehani ikanyamaza.

"Ramadhani karimu, jirani," fundi akaita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kuvuta.

"Allahu akramu," mama akamjibu. "Mwanangu anakula dawa, fundi. Usishtuke."

"Sishtuki, jirani. Lakini watoto wanatazama. Watajifunza nini? Mgonjwa wa kujitakia naye ni mgonjwa?"

"Mwanao mwaka jana alivunjika mguu," mama akasema. "Alianguka mnazini. Nani alimpandisha?"

Fundi akaigeuza kanzu iliyokuwa mapajani.

"Alipanda mwenyewe, madafu ya watu. Na alipolala na plasta mwezi kama huu, uji wa adhuhuri nani alimletea? Nilimuuliza alijitakia au hakujitakia?"

Mtu mmoja aliyekuwa akingoja kanzu yake hapo akaangua kicheko, akakimeza haraka. Fundi akatafuta uzi uliokuwa mkononi mwake. Cherehani ikaanza tena, kwa kasi sana, nadhani kanzu hiyo ilishonwa mrama.

Sitaki kusema kuanzia hapo mambo yalikuwa mazuri. Wapo majirani waliomwambia mama amevunja heshima ya mwezi, na wateja wengine wa kaimati walihama. Watoto waliimba kobe wiki nzima, wakachoka. Kaka alikula barazani kila adhuhuri, na mama akakaa naye kila adhuhuri, hata siku aliyokuwa na homa. Bibi naye akadai kutoka, akasema jikoni kuna joto na yeye amefanya kosa gani. Tukamkatalia.

Siku ya Idd kaka alivaa kanzu ya baba, akaenda kuswali, akarudi. Hakusema kama kuna aliyempa mkono au asiyempa, nami sikumuuliza.

Baada ya Idd Sista alikiondoa kile kidonge cha adhuhuri, na vingine vikawa nusu. Wiki zilizofuata zilikuwa na ugumu wake. Kuna usiku nilimsikia akizunguka uani. Lakini asubuhi nilimkuta yupo. Yule kijana wa Kipevu aliacha kuonekana benchini, na mwenye nyumba wake hakujua alikokwenda. Kaka alimuulizia muda mrefu. Bado huniuliza mimi, kana kwamba ningejua.

Mimi nina siku zangu za saumu za kulipa kila mwaka, kama wanawake wote, na huwa nazilipa peke yangu, kila mtu mwingine anakula. Mwaka ule kaka akaniambia, "Ukianza kulipa niambie. Nami nina zangu, na Sista amesema sasa naweza." Basi tukalipa pamoja, mimi zangu chache na yeye mwezi wake karibu wote, Jumatatu na Alhamisi. Mtaani hakuna aliyejua.

Alhamisi moja fundi cherehani aliita kutoka ng'ambo. Redio yake ilikuwa imekufa. Hakumkaribisha kaka ndani; aliitoa redio nje, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, na akaketi kando yake akiitazama mikono ya kaka bila ya kupepesa. Kaka akaifungua, akapuliza vumbi, akaomba kisu, maana bisibisi hakuwa nayo. Mimi nilikuwa barazani kwetu namenya viazi. Mke wa fundi akaleta vikombe viwili vya chai na mandazi.

"Kunywa kwanza," fundi akasema.

"Ahsante, ami. Nimefunga."

"Umefunga? Mwezi huu?"

"Nalipa."

Fundi alimtazama. Nilidhani atasema neno, maana si mtu wa kukosa neno. Akanyanyua kikombe chake, akaingia nacho ndani, akarudisha pazia. Alikaa huko mpaka chai ilipokwisha, na redio akaiacha na kaka.